Kupanga Ugumu wa Kupiga Katika Gemu ya Besiboli: Mwongozo Kamili

Wachezaji wengi hukwama mahali pamoja. Wakicheza ngazi ya chini, kila mpira unavuka ukuta na mechi inaisha 18 kwa 2. Wakipanda ngazi moja tu, gongo linakata hewa tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaingia kwenye mipangilio, wanasogeza vitelezi (vile vipimo vya kurekebisha ugumu) sita kwa mpigo, wanacheza mechi moja, wanasogeza tena. Baada ya wiki moja hakuna anayejua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

Chanzo cha kukwama huku ni kuchanganya mambo matatu: skrini inayochelewesha picha, jicho ambalo halijazoea, na ugumu wenyewe wa gemu. Vitelezi vinatibu hilo la tatu peke yake. Ukivitumia kutibu ucheleweshaji wa skrini utaishia na gemu iliyopotoka, na siku ukibadilisha runinga kazi yote inaanza upya. Kwa hiyo mpangilio wa hatua hapa chini una sababu zake. Usiruke hata moja.

Majina ya kwenye skrini yanayotajwa hapa ni ya MLB The Show, ambamo vitelezi huanza 0 hadi 10 na kila kimoja kimewekwa 5 kiwandani. Gemu nyingine zina majina yake, ila kazi ya kila kitelezi haitofautiani sana.

## Vitu vya kuandaa

- Skrini yenye hali ya gemu, iwe runinga au monita.
- Waya wa USB unaopitisha data. Waya wa kuchaji tu haufai.
- Daftari na kalamu. Kichwa hakiwezi kukumbuka mipira 50, na kinapenda kukumbuka ile iliyouma zaidi.
- Timu moja utakayoitumia mpaka mwisho wa kazi, na uwanja mmoja.
- Muda wa mazoezi ya nusu saa, kisha mechi tatu kamili za ininga 9. Ininga ni zamu moja ya kila timu kupiga.

Timu na uwanja vibaki vilevile kwa sababu vyote viwili hubadilisha matokeo. Mpigaji mwenye alama kubwa za Contact hupewa PCI kubwa, yaani lile umbo linaloonyesha gongo litapita wapi. Ukijaribu leo na mpigaji nyota na kesho na wa akiba, utadhani kitelezi kimefanya kazi kumbe ni mtu amebadilika. Uwanja nao una lake: Coors Field ya Denver iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi. Usipimie nguvu pale.

## Maneno machache kabla ya kuanza

Mrushaji hurusha, mpigaji husimama kando ya bamba, kile kibao cha ardhini ambacho mpira hupita juu yake. Eneo la straiki ni lile sanduku juu ya bamba. Straiki ni mpira unaopita ndani ya sanduku, au ambao mpigaji amezungusha gongo akaukosa; tatu humtoa mpigaji. Mpira wa nje ni ule unaopita nje ya sanduku; mpigaji akiiacha minne bila kuzungusha gongo, hupata besi ya bure, yaani huenda kituo cha kwanza bila kupiga. Mpira wa kasi unajieleza. Mpira wa hila ni wowote unaopinda au kupunguza mwendo ili kumdanganya mpigaji.

## Hatua ya 1: Rudisha kila kitu mwanzo

Fungua mipangilio ya gemu, nenda kwenye vitelezi, uvirudishe vyote 5. Kisha zima ugumu unaojirekebisha wenyewe, ule ulioandikwa Dynamic.

Dynamic ni kitu kizuri kwa anayejifunza, kwa kuwa hupanda unapofanya vizuri na kushuka unapolemewa, na hupima upigaji na urushaji kila kimoja peke yake. Lakini huwezi kupima kitambaa kwa futi inayorefuka na kufupika. Kikibaki kimewashwa, kila badiliko lako litachanganyika na badiliko lake.

Kama umekuwa ukikitumia kwa muda, kabla ya kukizima andika upande wa upigaji umetulia kwenye ngazi gani. Utaihitaji Hatua ya 4.

Ukifaulu: vitelezi vyote vinasoma 5, na ngazi ya upigaji haibadiliki kati ya mechi moja na nyingine.

## Hatua ya 2: Ondoa ucheleweshaji wa skrini

Hatua hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayowakwamisha wengi.

Tuanze na hesabu. Mpira wa kasi wa maili 95 kwa saa, yaani takriban kilomita 153, humfikia mpigaji halisi kwa sekunde 0.4 hivi. Mpira wa kupoza mwendo wa maili 85 humfikia baadaye kidogo, tofauti ikiwa karibu sekunde 0.05. Kwa gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, hizo ni picha 3. Silaha kubwa ya mrushaji ni hizo picha 3: humfanya mpigaji azungushe mapema au achelewe.

Sasa chukua runinga inayoichakata picha ili ionekane nzuri zaidi. Nyingi, zikiwa kwenye hali ya sinema au ya kawaida, huchelewesha picha hata kwa sekunde 0.1. Hizo ni picha 6, mara mbili ya tofauti ambayo mrushaji anaitumia kukudanganya. Unaona mpira ambao tayari umeshapita, na hakuna kitelezi kitakachokurudishia picha hizo.

Fanya hivi:

1. Washa hali ya gemu kwenye runinga. Hakikisha imewashwa kwa tundu lile la HDMI ambalo konsoli imechomekwa, kwa sababu runinga nyingi huhifadhi mpangilio wa kila tundu peke yake.
2. Zima vinavyolainisha mwendo wa picha na vinavyopunguza chembechembe.
3. Chomeka pedi kwa waya. Kwenye PlayStation 5, ingia mipangilio ya vifaa vya ziada, upande wa pedi, uchague mawasiliano yapite kwenye waya wa USB. Usipochagua, waya utachaji tu huku pedi ikiendelea kutumia Bluetooth.
4. Kama konsoli inapitia kwenye kifaa cha sauti kabla ya kufika kwenye runinga, ichomeke moja kwa moja kwenye runinga.

Tahadhari: rangi zitaonekana zimepauka kidogo baada ya kuwasha hali ya gemu. Ni kawaida. Rekebisha mwanga na rangi kwa mkono, wala usirudi kwenye hali ya sinema.

Ukifaulu: ukibonyeza kitufe kwenye menyu, kiteuzi kinasogea papo hapo, na ule ulegevu uliokuwa ukiuhisi mkononi umekwisha.

## Hatua ya 3: Kamera na namna ya kupiga

Chagua kamera ya kundi la Strike Zone, zile zinazokuweka karibu na bamba na kukuonyesha mpira ukija usoni. Kamera za mbali, zile za mtindo wa matangazo ya runinga, ni nzuri kwa macho lakini mpira huwa mdogo na eneo la straiki linabanwa. Jaribu mbili tatu, chagua moja, uachane na menyu hiyo. Kila ukibadilisha kamera, jicho linaanza kujifunza kasi upya.

Kisha namna ya kupiga. Zipo tatu ambazo unapaswa kuzifahamu:

Timing inakuachia jambo moja tu, wakati wa kubonyeza. Mengine huamuliwa na uwezo wa mpigaji.

Directional inaongeza upande unaotaka mpira uelekee. Hapa pia uwezo wa mpigaji una uzito mkubwa.

Zone inakupa wakati na mahali: unasogeza PCI kwa kijiti cha kushoto mpaka kwenye mpira, kisha unabonyeza. Ndiyo ngumu kuliko zote mwanzoni, na ndiyo inayokulipa haki ya jicho lako.

Kama nia ni kuboreka, tumia Zone tangu siku ya kwanza. Kama vidole havikuruhusu au unataka tu kustarehe jioni, Directional haina aibu yoyote. Jambo la maana ni kuchagua sasa, maana vitelezi vya Zone haviwezi kuhamishwa kwenda Directional vikafanya kazi ileile.

Wakati wa kupima, tumia pigo la kawaida peke yake. Pigo la nguvu hupunguza PCI, na pigo la kugusa huipanua lakini mpira unatoka dhaifu. Ukiyachanganya, takwimu zako hazitasema kitu.

Mwisho, washa taarifa inayotokea baada ya kila pigo ikikwambia kama uliwahi, ulichelewa au ulikuwa sawa, na PCI ilikuwa wapi. Bila hiyo unapapasa gizani.

## Hatua ya 4: Tafuta ngazi ya msingi

Ngazi wanazokutana nazo wengi ni Rookie, Veteran, All-Star, Hall of Fame na Legend. Kadiri unavyopanda, mipira inakuja kasi zaidi, PCI inapungua, muda wa kubonyeza unakuwa finyu, na mrushaji wa kompyuta anakosea mara chache. Vyote vinne husogea pamoja. Ndiyo maana hatua moja tu inahisi kama ukuta.

Cheza ininga 9 kwenye ngazi unayoimudu, kisha ininga 9 kwenye ile ya juu yake. Usiangalie matokeo ya mechi. Angalia taarifa za mapigo.

Kwenye ngazi ya juu, kama makosa yako yamegawanyika, mara umewahi, mara umechelewa, na angalau mapigo 3 kati ya 10 yalikuwa kwa wakati, hiyo ndiyo ngazi yako ya msingi. Utailainisha kwa vitelezi. Lakini kama umechelewa karibu kila mpira, hata ile ya hila, jicho halijafika. Baki chini, na uifanye ngazi hiyo iwe ngumu kidogo badala yake.

Tofauti hiyo ina uzito. Makosa yaliyosambaa yanaonyesha kwamba unaona mpira na unadanganywa, jambo ambalo hata wapigaji wa kulipwa hufanyiwa kila siku. Makosa ya upande mmoja yanaonyesha kwamba hujauona mpira bado.

## Hatua ya 5: Jaribio la mipira 50

Fungua mazoezi ya kupanga mwenyewe, yale yanayokuruhusu kuchagua mrushaji, aina ya mirusho na mahali itakapopita. Chora safu tatu daftarini: WAHI, SAWA, CHELEWA.

Mipira 20 ya kwanza: mpira wa kasi tu, katikati ya bamba. Zungusha kila mmoja. Hapa unapima mwili na skrini, bila udanganyifu wowote. Kama hupati angalau 12 kwenye safu ya SAWA, rudi Hatua ya 2 kabla ya kugusa kitu kingine. Mtu anayejua nini kinakuja na kinapita wapi, na bado hawezi kukilenga, ana tatizo la ucheleweshaji au la kasi. Ugumu wa jumla haujahusika bado.

Mipira 20 ya pili: mpira wa kasi na wa kupoza mwendo, umechanganywa, ndani ya eneo la straiki. Weka alama ya pembeni kuonyesha ni upi ulikuwa wa kasi na upi wa hila.

Mipira 10 ya mwisho: aina zote, mahali popote. Hapa usihesabu wakati. Hesabu mara ngapi ulizungusha gongo kwa mpira wa nje.

Sasa isome karatasi. Hapa ndipo kazi ilipo.

*Umechelewa kwa mpira wa kasi na umewahi kwa wa hila.* Hongera, uko sawa kabisa. Huyo ni mpigaji anayedanganywa kama inavyotakiwa. Usiguse kasi wala kitelezi cha Timing. Unahitaji kurudia mazoezi, na pengine PCI yenye huruma kidogo.

*Umechelewa kwa yote mawili.* Kasi ni kubwa kwa jicho lako, au skrini bado inachelewesha.

*Umewahi kwa yote mawili.* Unabonyeza kwa hofu, mara nyingi kwa sababu umetoka ngazi ya juu na mkono haujatulia. Rudia mipira 20. Kama hali ni ileile, ongeza kasi. Ndiyo, ongeza: mipira hii imekuwa ya polepole mno kwako.

*Wakati ni sawa, lakini PCI iko mbali na mpira.* Tatizo ni kijiti. Angalia unakosea upande gani. PCI ikiwa juu ya mpira, utapiga mipira ya kutambaa chini. Ikiwa chini yake, utapiga mipira inayopaa na kudakwa.

*Wakati ni sawa, PCI ni sawa, na bado unadakwa.* Acha. Besiboli ndivyo ilivyo. Katika ligi kuu ya Marekani (MLB), ukiacha homurani, yaani mpira unaovuka ukuta, mpira uliopigwa ndani ya uwanja huwa pigo salama, yaani linalomfikisha mpigaji kwenye besi, takriban mara 3 tu kati ya 10.

*Umezungusha mipira ya nje zaidi ya 4 kati ya ile 10 ya mwisho.* Andika pembeni kwa wino mzito. Kitakusumbua kwenye Hatua ya 7 ukikisahau.

## Hatua ya 6: Mechi tatu za kumbukumbu

Cheza mechi tatu za ininga 9 kwenye ngazi ya msingi, vitelezi vyote vikiwa 5. Baada ya kila mechi andika: wapigaji wako wangapi walisimama kwenye bamba, wangapi walitolewa kwa straiki tatu, wangapi walipewa besi ya bure, mapigo salama mangapi, na homurani ngapi.

Kwa nini tatu? Timu hupata wapigaji kama 38 kwa mechi, kwa hiyo mechi tatu hukupa zaidi ya 110. Mechi moja inaweza kupotoshwa na mrushaji mmoja aliyeamka vizuri. Ukipenda mechi fupi za ininga 3, cheza tisa ili upate idadi hiyohiyo.

Linganisha na besiboli halisi ya miaka ya karibuni katika MLB:

- Kutolewa kwa straiki tatu: kama 22 au 23 kwa kila wapigaji 100.
- Besi ya bure: 8 au 9 kwa kila 100.
- Wastani wa kupiga: kati ya .240 na .250, yaani hata mapigo salama 25 kwa kila majaribio 100 yanayohesabika (besi za bure hazihesabiwi) hayafiki.
- Homurani: moja na kidogo kwa timu kwa mechi.

Huna haja ya kulingana kabisa. Lengo zuri ni straiki tatu kati ya 18 na 27 kwa 100, besi ya bure angalau 5, na wastani kati ya .230 na .280. Ukipata hapo, mechi huwa ya kweli: unapigania kila besi na kila besi ina thamani.

## Hatua ya 7: Sogeza kitelezi kimoja, hatua moja

Kanuni ni mbili na hazina msamaha. Kimoja kwa wakati. Nukta moja kwa wakati.

Na kabla hujagusa, soma upande ulioko. Vitelezi vina safu mbili: Human ni wewe, CPU ni kompyuta. Contact ya CPU ni uwezo wa kompyuta kupiga dhidi yako, kwa hiyo kuishusha hakutakusaidia hata kidogo unaposhika gongo. Kwa upande mwingine, anayekurushia mpira ni kompyuta, kwa hiyo usahihi wa mrushaji unayekabiliana naye uko kwenye safu ya CPU. Watu hupoteza siku nzima kwa kosa hili.

Fuata mpangilio huu.

### Kwanza: kasi ya mrusho

Shusha Pitch Speed kwa 1 kama Hatua ya 5 ilionyesha umechelewa kwa mipira yote. Matoleo mengine yana kitelezi kimoja, mengine yametenga mpira wa kasi na wa hila. Kama vimetengwa, vishushe vyote viwili pamoja. Hii ndiyo ruhusa pekee ya kuvunja kanuni ya kimoja kwa wakati: ukipunguza cha mpira wa kasi peke yake, ile tofauti ya picha 3 inayeyuka, na mrushaji anabaki hana hila yoyote. Utapiga sana, na utachoka na gemu ndani ya wiki mbili.

Usishuke chini ya 3. Ukijikuta hapo, ngazi uliyoichagua ni ya juu mno.

Kasi inatangulia kwa sababu inagusa kila kitu kingine. Ukiibadilisha mwishoni, kipimo chote cha Timing na Contact kinakuwa kimekufa.

### Pili: muda wa kubonyeza

Timing ya Human hupanua au kubana ule upenyo ambao pigo linahesabiwa kuwa sawa. Iongeze kwa 1 kama makosa yako yamesambaa pande zote na ni madogo madogo. Kama ni makubwa, kitelezi hiki kitayaficha bila kuyatibu.

### Tatu: kugusa mpira

Contact ya Human ikipanda, straiki tatu zinapungua. Gharama yake ni kwamba mipira mingi unayoiokoa sasa itatoka dhaifu, na utaona wakimbiaji wengi wakitolewa besi ya kwanza. Kama straiki tatu zilikuwa zaidi ya 30 kwa 100 huku wakati wako ukiwa mzuri, ongeza 1. Zikiwa chini ya 15, punguza 1.

Karibu na hapo kuna Foul Frequency, kiasi cha mipira inayotoka nje ya mistari. Iguse tu kama kila mpigaji anapiga faulo tano sita kabla ya jambo lolote kutokea. Kumbuka faulo nyingi humchosha mrushaji wa kompyuta mapema, kwa hiyo kuipunguza kunamfanya adumu zaidi uwanjani.

### Nne: mrushaji wa kompyuta

Besi za bure zikiwa chini ya 5 kwa 100, shawishi la kwanza ni kushusha Strike Frequency ya CPU. Subiri. Rudi kwenye ule wino mzito. Kama unafukuza mipira ya nje, kuishusha kutakuletea mipira mingi zaidi ya nje, utaifukuza yote, na straiki tatu zitapanda. Jifunze kwanza kuacha: cheza mechi nzima ukikataa mpira wa kwanza kwa kila mpigaji, mpaka jicho lizoee kuona mpira ukitoka kwenye sanduku.

Kama kweli unaacha na bado hupati besi za bure, shusha Strike Frequency kwa 1. Isipotosha, shusha Pitcher Control ya CPU kwa 1, ambayo humfanya mrushaji akose shabaha mara kwa mara. Lakini mrushaji anayekosa shabaha huleta pia mipira inayosahaulika katikati ya bamba, kwa hiyo tegemea homurani kuongezeka kidogo.

### Mwisho kabisa: nguvu na mapigo mazito

Power hugusa umbali ambao mpira unaenda. Solid Hits hugusa ni mara ngapi mpira unatoka kwenye gongo kwa uzito. Wengi huanza na hivi viwili kwa sababu matokeo yake yanaonekana haraka, na hapo ndipo mipangilio yao huharibika. Pigo lililowahi kwa picha mbili haligeuki kuwa zuri kwa kuongezewa nguvu. Linageuka kuwa homurani usiyostahili.

Viguse baada ya mambo manne ya juu kutulia. Homurani zikizidi 2 kwa mechi, shusha Power kwa 1. Kama mipira unayoipiga kwa wakati na kwa PCI sahihi inadakwa mechi tano mfululizo, pandisha Solid Hits kwa 1. Mechi tano, si mbili.

### Baada ya kila badiliko

Kwa kasi na Timing, jaribu kwenye mechi ya kawaida dhidi ya mrushaji yuleyule na uhesabu mapigo 40. Kwa vingine, cheza mechi tatu upya. Andika tarehe, kitelezi, namba ya zamani na mpya. Kama takwimu hazikusogea, rudisha namba ya zamani kabla ya kwenda kwenye kitelezi kinachofuata. Badiliko lisilosaidia ukiliacha hapo litakusumbua baadaye.

Ukifaulu: vitelezi visivyozidi vinne vimetoka kwenye 5, hakuna kilichosogea zaidi ya nukta 2, na takwimu za mechi tatu ziko ndani ya lengo la Hatua ya 6.

## Mambo yanayokwama mara kwa mara

Ninatolewa kwa straiki tatu bila hata kuzungusha. Washa mstari wa eneo la straiki uonekane wakati wote. Kamera ya pembeni huufanya mpira wa kona uonekane uko nje.

Mpira wote unatambaa chini. PCI yako inakaa juu mno. Ianzishe chini kidogo ya katikati kabla mrushaji hajanyanyua mkono. Kitelezi hakihusiki.

Nilikuwa vizuri, ghafla hakuna kitu. Angalia kama runinga imerudi yenyewe kwenye hali ya kawaida, hasa baada ya kusasishwa programu au umeme kukatika. Kisha angalia pedi kama waya umelegea.

Vitelezi havibadilishi lolote. Hakikisha umehifadhi kabla ya kutoka, na kwamba uko kwenye mechi dhidi ya kompyuta. Mechi za ushindani za mtandaoni hazitumii vitelezi vyako, kila mmoja anacheza kwa ugumu uliowekwa na aina ya shindano.

Napiga vizuri ila kompyuta nayo inanipiga sana. Hilo ni suala la upigaji wa kompyuta, na vitelezi vyake viko safu ya CPU. Maliza upigaji wako kwanza. Ukiyagusa yote wiki moja utarudi ulikoanzia.

## Kupanda ngazi inayofuata

Takwimu zikikaa juu ya lengo kwa mechi sita mfululizo, wastani ukipita .300 na straiki tatu zikishuka chini ya 15 kwa 100, muda umefika. Usirukie ngazi mpya na mipangilio ya zamani.

Kwanza rudisha vitelezi vyako 5 kimoja kimoja kwenye ngazi uliyopo, ukianza na Solid Hits na Power, ukimalizia na kasi, yaani kinyume cha ulivyovisogeza. Mpe kila kimoja mechi moja. Ukimudu ngazi ikiwa safi, panda, na huko juu anza na Pitch Speed ikiwa 4 na vingine vyote 5. Hiyo nukta moja humpa mkono nafasi ya kuzoea PCI iliyosinyaa bila kupigana na kasi mpya kwa wakati uleule. Baada ya mechi tatu irudishe 5, kisha uanze tena jaribio la mipira 50 kwenye ukurasa mpya.